Mwenzako Utamjua Lini?

Mimi ni mtu wa hadithi. Nina riwaya iliyolala sandukuni, sura 11 zimeandikwa kwa mkono katika madaftari, na sura ya 12 inanigomea tangu Krismasi. Kwa hiyo usishangae nikianza kukueleza habari za mashine. Mashine nazo zina hadithi zake, na katika hii nitakayokusimulia mimi sikuwa mtu mwema.

Nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Wazazi wangu walitoka Fizi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2016, nikiwa na miaka 15, tulipelekwa Marekani, mji wa Manchester katika jimbo la New Hampshire. Mji wenyewe si mkubwa. Una mto uitwao Merrimack, na kando ya mto yamepangana majengo marefu ya matofali mekundu yaliyokuwa viwanda vya nguo hapo zamani. Katika majengo hayo ndimo yalimo makao makuu ya FIRST, shirika la mashindano ya roboti lililoanzishwa na Dean Kamen. Shindano lao la kwanza kabisa lilifanyika hapo hapo Manchester mwaka 1992, katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari, timu 28 tu. Siku hizi timu ni maelfu. Basi mtoto akiingizwa shuleni Manchester, roboti hazikwepeki, kama vile mtoto wa Kigoma asivyoweza kukwepa dagaa.

Sitaki kudanganya kwamba niliipenda mashine. Niliingia kwenye timu kwa sababu karakana yao ilikuwa na joto, na Alhamisi palikuwa na piza ya bure.

Mchezo wenyewe uko hivi. Roboti tatu upande wa wekundu, tatu upande wa buluu, dakika kama mbili na nusu, kwisha. Wale watatu wa upande mmoja ndio muungano. Lakini muungano huo ni wa mechi moja tu! Mnaingia pamoja, mnatafuta pointi pamoja, king'ora kikilia mnaachana, na pengine baada ya saa moja yule uliyekuwa ukimsaidia anarudi upande wa pili kukuzibia njia. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ile ya kwanza kila timu ilijipigania yenyewe. Miungano ililetwa mwaka 1999, wawili kwa wawili. Mwaka 2001 wakajaribu wanne pamoja bila mpinzani, wakaacha. Na tangu mwaka 2005 ni watatu kwa watatu.

Nani anapanga nani acheze na nani? Kompyuta. Katika kanda yetu ya New England kila timu hucheza mechi 12 za awali. Piga hesabu mwenyewe: wenza wawili kila mechi, hizo ni nafasi 24 za wenza. Wapinzani watatu kila mechi, nafasi 36. Na kompyuta nayo ina visa vyake. Mwaka 2007 ilipanga kwa kufuata namba za timu, watu wakawa wanakutana na sura zile zile kila wakigeuka, malalamiko yakajaa debe, na mwaka 2008 ikaletwa programu nyingine iitwayo MatchMaker, ambayo inajitahidi kuwachanganya watu na kumpa kila mmoja nafasi ya kupumua kati ya mechi na mechi.

Ratiba ikitoka hutoka yote kwa mkupuo, mechi ya kwanza hadi ya mwisho. Wala haitoki mapema, maana lazima kwanza ijulikane ni nani amefika kweli. Gari la timu moja likikwama kwenye theluji, ratiba nzima imeharibika. Katika mashindano yetu ya mwaka 2019, yaliyokuwa na timu kama 40, ratiba iligawiwa Jumamosi asubuhi, imebaki saa moja hivi mechi zianze. Sasa fikiria. Aliyepangwa mechi ya kwanza ana saa moja ya kuwatafuta wenza wake wawili kati ya vibanda 40. Aliyepangwa mechi ya Jumapili asubuhi ana mchana mzima na usiku mzima. Hapo ndipo penye kesi yangu.

Kazi yangu katika timu ilikuwa upelelezi. Usicheke, ndilo jina lake. Mpelelezi anakaa jukwaani na daftari, anaandika kila roboti imefanya nini, halafu anakwenda kwenye vibanda vya wenza wa mechi inayofuata kuuliza maswali. Mchezo wa mwaka huo uliitwa Destination: Deep Space. Palikuwa na roketi na meli ya mizigo za mbao, na roboti zilibeba mipira na visahani vya kuzibia matundu. Sekunde 15 za mwanzo ziliitwa dhoruba ya mchanga: pazia jeusi lilishushwa mbele ya madereva wasione uwanja, labda kupitia kamera ya roboti yenyewe. Mwishoni roboti zilirudi kupanda jukwaa lenye ngazi tatu, ya kwanza pointi 3, ya pili 6, ya tatu 12. Kwa hiyo maswali ya mpelelezi yalikuwa machache tu. Mnaanzia wapi? Pazia likiwa chini mnaelekea wapi? Mwishoni mnapanda ngazi ipi?

Kwa mtu aliyenyonya Kiingereza hayo ni mazungumzo ya dakika mbili. Mi kambini nilisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo, na nyumbani ni Kibembe na Kiswahili. Kiingereza kilinikuta na ndevu. Baada ya miaka mitatu nilikuwa naelewa, lakini kuelewa kwangu kulikuwa na ucheleweshaji, kama simu ya kimataifa ya zamani. Mtu anasema, mi nangoja, maana inafika, ninapojibu yeye kashaanza jambo lingine.

Mechi yetu ya kwanza ilikuwa ya tatu kwenye ratiba. Nikakimbia kwenye kibanda cha mwenza. Kijana mmoja mwenye miwani ya kinga akaniambia kwamba roboti yao itaelekea upande wa kushoto wa meli ya mizigo. Nikaandika "kushoto". Nikarudi mbio, nikawaambia wetu: wao kushoto, sisi kulia. Sikuuliza kushoto kwa nani! Kumbe yeye alikuwa akiutazama uwanja kwa upande wa watazamaji. Pazia likashuka, madereva hawaoni, roboti zote mbili zikaenda sehemu moja zikagongana kama mabasi ya Kasulu kwenye daraja jembamba. Kisahani chetu kikaanguka. Tulipoteza mechi ile.

Hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo lilinichoma zaidi. Nikajisemea moyoni: ningelipewa ratiba jana jioni tu, ningekwenda taratibu, ningeuliza mara mbili, ningechora. Watu wa haraka haraka wanadhani muda ni wa mafundi peke yao. La hasha! Muda ni wa lugha pia. Huyo huyo Kamen ndiye aliyeanzisha mashindano ya mataifa, yale yaliyofanyika Washington mwaka 2017 na kukusanya timu za nchi zaidi ya 150, nchi tatu tatu katika muungano. Niliposoma habari zake sikuwaza roboti. Niliwaza yule mtoto wa tatu katika muungano ambaye Kiingereza chake kinachelewa kufika.

Katika timu yetu jambo hili lilikuwa na vyama viwili. Mzee mmoja aliyekuwa akitufundisha, fundi mstaafu, yeye alitaka wenza wajulikane wiki nzima kabla. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Programu ya zile sekunde 15 haiandikwi kwenye foleni. Ukimjua mwenzako mapema unaweza kumpigia simu, mkakubaliana njia, ukagundua kwamba betri zake ni mbovu ukamletea zako. Nahodha wetu, binti wa mwaka wa mwisho, alipinga kabisa. Yeye alisema ingefaa watu wajuane pale foleni tu, roboti ziko kwenye mikokoteni. Ukimjua mtu mapema mno, alisema, unacheza na sifa zake badala ya kucheza naye.

Wakati ule nilimwona ni mtu wa kupenda vurugu. Nilikuwa upande wa mzee mia kwa mia. Mi nimekulia mahali ambapo majina ya wanaosafiri yalibandikwa ubaoni. Unakwenda unasoma, hujioni, unarudi. Siku ukijiona, zimebaki siku chache, huna hata muda wa kudai deni lako la mahindi kwa jirani. Nani atanifundisha mimi utamu wa kuambiwa dakika za mwisho?

Lakini hebu tuitazame hiyo wiki ya mzee. Wiki moja ni ya nani? Ni ya timu yenye karakana, yenye wahandisi wanaojitolea na watoto wa kupekua video za kila mechi iliyokwisha chezwa. Timu ya namna hiyo itapanga kila kitu, halafu itawapigia wenza simu kuwaeleza wasimame wapi. Ile timu changa yenye watoto saba na mwalimu mmoja itapokea maagizo. Haitakuwa muungano hapo, itakuwa kibarua. Kuna na ubaya mwingine unaosemwa kwa sauti ya chini: mkijuana mapema mno, watu wanaweza kukubaliana mambo yasiyo ya uwanjani.

Basi tuje kwenye Jumapili.

Mechi yetu ya mapema siku hiyo ilitukutanisha na timu mbili. Moja ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa changa, mwaka wao wa kwanza, na Jumamosi nzima nilikuwa nimewaandika mimi mwenyewe daftarini. Sina haja ya kulitafuta daftari, maneno nayakumbuka: imekwama ukingoni mwa jukwaa, imekwama tena, haipandi. Jumamosi jioni tulikaa kwenye mgahawa, kocha wetu wa uwanjani akauliza, wale wachanga vipi? Nikasoma. Akafikiri kidogo. Roboti yetu ilikuwa inapanda ngazi ya tatu, jambo ambalo si kila timu iliweza, na ili kuifikia ngazi ya tatu lazima upite juu ya ile ya kwanza. Wachanga wakikwama pale, wametuzibia mlango. Akaamua: waende upande wa pili wakazuie wapinzani, na zikibaki sekunde 30 wakae huko huko, wasisogelee jukwaa. Akanigeukia mimi. Wewe utawaambia.

Usiku ule sikulala vizuri. Mama alikuwa zamu ya usiku, wadogo zangu wamelala, mi niko jikoni na karatasi. Nikaitunga ile sentensi kwa Kiingereza. Nikaisahihisha. Nikaifanya ya adabu, kisha nikaiona ina adabu mno, nikaikaza. Nikaisema mbele ya kioo cha bafuni, nikaangalia mdomo wangu. Safari hii hakutakuwa na kushoto wala kulia, nilijiambia. Safari hii kila neno litafika.

Saa moja na nusu asubuhi nikafika kwenye kibanda chao. Watoto saba na mwalimu mmoja, kweli. Macho mekundu. Binti aliyekuwa ameshika spana akaniona, akatabasamu, akaniita nije nione. Hawakuondoka ukumbini jana yake mpaka walipofukuzwa na wafunga milango, na asubuhi hiyo walikuwa wa kwanza kuingia. Walikuwa wamebadilisha magurudumu ya mbele. Akachukua kipande cha mbao, urefu wa kwenda juu ni ule ule wa ngazi ya kwanza, akakiweka sakafuni. Mwenzake akaendesha. Roboti ikaenda, ikasita kidogo, ikapanda. Ikashuka. Ikapanda tena.

Akasema, inapanda sasa.

Mi nikatoa sentensi yangu.

Nataka unielewe, msomaji. Niliona kwa macho yangu. Nilielewa alichosema, wala maana haikuchelewa safari hii. Lakini ile sentensi nilikuwa nimelala nayo, nimeipiga pasi, iko tayari mdomoni, na sikuwa na nyingine. Kutunga mpya pale pale mbele ya watu saba, kisha nirudi kwa kocha nikamweleze kwamba mpango wake ubadilike, kwa Kiingereza kile cha kuokoteza? Nikasema yale niliyotumwa. Nikayasema vizuri mno. Yule binti akanyamaza, akamtazama mwalimu wake, mwalimu akatikisa kichwa, akasema sawa.

Niliporudi kocha akauliza, wamekubali? Nikasema ndiyo. Sikusema kingine.

Tulishinda mechi ile. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Wale wachanga walikwenda upande wa pili wakazuia kama walivyoambiwa. Mwenza wetu wa tatu alikatika mawasiliano katikati ya uwanja, roboti ikasimama kama gogo. Sekunde za mwisho ya kwetu ikapanda peke yake mpaka juu, watu wakapiga kelele. Pointi 12. Mwaka ule, muungano ukifikisha pointi 15 za kupanda, kila timu ndani yake ilipata pointi ya nyongeza kwenye msimamo, ukiacha zile 2 za ushindi. Tulizokosa ni 3. Ngazi ya kwanza ni ngapi? Nimeshakutajia. Kutoka jukwaani nilikuwa naiona ile roboti yao kule mbali, imesimama, haina cha kufanya, inatutazama. Roboti haitazami, najua.

Tena hiyo ndiyo ilikuwa mechi yao ya mwisho. Baada ya mechi za awali huja uchaguzi: timu 8 za juu zinakuwa manahodha, kila mmoja anaita wawili wa kucheza naye hadi fainali. Inafanana na sisi tulivyochagua timu za chandimu kambini, wakubwa wawili wanasimama, wanaita mmoja mmoja, na wewe unaomba Mungu usibaki wa mwisho. Manahodha 8 na wenza 16, jumla 24. Wengine wanafunga mizigo. Nahodha anachagua kwa kusoma madaftari ya wapelelezi wake, na siku ile madaftari yote ukumbini yalikuwa na habari moja juu ya wale wachanga: haipandi. Mechi moja ndiyo ilikuwa imebaki ya kuifuta habari ile. Sisi tuliitwa. Tukatolewa robo fainali. Wao hawakuitwa.

Sasa ukiniuliza leo, nitakwambia ratiba itoke jioni ya kuamkia mashindano, watu wakiwa wanashusha mizigo na kupanga vibanda. Asiyefika apigiwe simu. Akikosekana kabisa, ipangwe upya asubuhi. Usiku mmoja unamtosha mtu wa lugha ya pili kuandaa maswali. Usiku mmoja haumtoshi tajiri kuandaa maagizo. Nasema maswali, kwa sababu ukiangalia vizuri, siku ile ya Jumamosi nilipokuwa na saa moja nilikwenda kwa mwenzangu na maswali matatu, nikakosea. Jumapili nilikuwa na usiku mzima, nikaenda bila swali hata moja. Nahodha wetu alikuwa amesema kweli kwa nusu, na mzee wa karakana kwa nusu nyingine, na mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na daftari, sikumwambia yeyote.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukaja, mashindano yakasimamishwa Machi 2020, nikamaliza shule bila sherehe. Siku hizi nafanya zamu ya usiku kwenye ghala la bidhaa. Mdogo wangu yuko kwenye timu ile ile. Majuzi aliniuliza, kaka, nikienda kwa wenza niwaulize nini? Nikamwambia muulize kushoto kwa nani. Akacheka akadhani ni mzaha.

Bado kuna la maegesho. Jumapili ile jioni tulikuwa tunapakia vitu kwenye lori, theluji imekuwa tope. Wale wachanga walikuwa jirani yetu. Mwalimu wao alikuwa na pikapu ndogo. Yule binti aliniona nimesimama mikono mifukoni, akaniomba nimshikie upande wa pili wa sanduku la vifaa. Nikashika. Zito kweli kweli. Tulipoliingiza akarudi chini akaokota kile kipande cha mbao, kilikuwa na alama nyeusi za magurudumu, mistari miwili, ya kwenda na ya kurudi. Akanipa nikisukume ndani, kwa kuwa mi nilikuwa mrefu. Akaniuliza, mlimaliza wa ngapi? Nikamwambia. Akasema hongera.

Nikasema asante. Hiyo ya Kiingereza ilitoka upesi.